Uzito Unahama: Nilivyojifunza Kuendesha Gari ya Gia Unguja na Pemba

Watu wakiiona gari yangu, Toyota Altezza, huniuliza inafika mwendo wa ngapi. Swali hilo halinikeri, maana kabla ya kuinunua na mimi nilikuwa nikizitazama namba hizo hizo: injini ya lita 2 ya 3S-GE, nguvu za farasi 210 kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika, giaboksi ya gia sita, na nguvu zote kupelekwa tairi za nyuma. Toyota walianza kuiuza Japani mwaka 1998 wakaacha mwaka 2005, na huku kwetu ni katika gari chache za mbio ambazo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuzitia machoni, kwa sababu hutufikia zikiwa zimeshatumika. Yangu ni RS200 ya gia za mkono. Lakini jambo kubwa nililokuja kulijua ndani yake halimo katika namba hizo. Gari ni uzito unaohama. Kila ukigusa breki, mafuta au usukani, unauhamisha uzito huo kutoka tairi hizi kwenda tairi zile, na tairi iliyoelemewa ndiyo inayoshika barabara. Kuendesha vizuri ni kujua uzito uko wapi sasa hivi, na utakuwa wapi utakapofanya lile unalotaka kulifanya.

Nimefundishwa na watu wawili. Wa kwanza ni ami yangu wa Pemba, aliyeendesha Bedford za mbao baina ya Chake Chake, Wete na Mkoani tangu ujana wake mpaka magoti yalipomkatalia. Wa pili ni kijana wa Kizanzibari aliyekulia Maskati, akasomea udereva wa mashindano huko Ghuba, kisha akarudi Unguja kufungua gereji. Mimi namwita Mwalimu, yeye ananiita Dada. Hawa wawili hawajapata kuonana hata siku moja, na wananiambia jambo moja kwa maneno mbalimbali.

Somo la mwanzo la Mwalimu halikuwasha hata injini. "Dada, kaa kwanza." Mgongo wote uguse kiti, mabega yasibanduke, kisha nyoosha mkono juu ya usukani: kiungo cha kiganja ndicho kiangukie juu ya duara, si vidole. Klachi ikikanyagwa mpaka chini, goti libaki limekunjika kidogo. Mikono ishike kushoto na kulia, usawa wa katikati ya usukani, na isihame pale kwenye kona za kawaida. Madereva wengi wa mjini hukaa mbali, wamelala, mkono mmoja juu. Kwenye foleni ya Darajani hilo halina neno. Lakini gari ikianza kukata kona kwa nguvu, mtu aliyekaa hivyo hujishikilia kwenye usukani asiyumbe, na mkono unaojishikilia hausikii kitu. Mwili ukishikwa na kiti, na mguu wa kushoto ukajikaza pembeni ya klachi, mikono inabaki huru kusikiliza tairi za mbele.

Hapa niseme neno kwa wanawake wenzangu, maana sijamwona mtu akilieleza. Mimi navaa buibui, na upindo wa buibui ukiachwa hivi hivi huingia baina ya kisigino na klachi. Nimeshona vishikizo kwa ndani, usawa wa shavu la mguu. Nikikaa navifunga, nikishuka navifungua. Viatu ni vya soli nyembamba na tambarare, vilivyofungwa nyuma. Makubadhi hayafai kabisa, yanachomoka, na soli nene inakunyima kujua breki imefika wapi.

Unguja hatuna uwanja wa mashindano ya magari, na barabara ya watu si mahali pa kujifunzia mambo haya. Nalisema hili kwa moyo wote. Barabara zetu zina watoto wanaotoka skuli, baiskeli zisizo na taa, gari za ng'ombe, na daladala zinazosimama popote abiria anapogonga bodi. Sisi tulipata kiwanja cha kifusi cha mkwe wangu, upande wa Dunga, kilichosawazishwa kwa ajili ya ghala ambalo bado halijajengwa. Tukapanga madumu ya maji ya manjano kuwa kona zetu. Kifusi kina neema yake: kinateleza mapema. Yale ambayo kwenye lami yangetokea kwa mwendo wa kuua, pale yanatokea kwa kilomita 30 kwa saa, mtu ana nafasi ya kuyaona, na kinachoumia ni dumu.

Tulianza na breki. Unakimbia mpaka 40, ukifika penye dumu la kwanza unasimama, gari inyooke. Nilidhani breki ni kukanyaga tu. Mwalimu akanionesha kwamba breki nzuri ina hatua mbili zinazofuatana bila ya kukatika: unaigusa kwanza, pua inainama na tairi za mbele zinaelemewa, ndipo unaongeza nguvu mpaka pale tairi inapokaribia kufunga. Altezza ina kilo 1,300 na ushei. Ukifunga breki sawasawa kwenye lami kavu, zaidi ya kilo 150 zinahama kutoka nyuma kwenda mbele. Ukizipa muda mdogo wa kufika, tairi za mbele zinakushukuru kwa mshiko. Ukipigiza mguu ghafla, tairi zinafunga kabla hazijaelemewa, ABS, ule mfumo unaozuia tairi zisifunge, inaanza kutetemesha breki chini ya unyayo, na sehemu ya mita ulizokuwa nazo imeshapotea.

Hizo mita ndizo nataka kila dereva wa kisiwa hiki azijue. Kwenye lami kavu, kwa tairi nzuri, gari ya 40 kwa saa inahitaji kama mita 9 za breki mpaka isimame. Ikienda 80 haihitaji 18, inahitaji 36, kwa sababu mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama unazidi mara nne. Na hiyo ni breki peke yake. Sekunde moja ya kushtuka, kwa mwendo wa 80, ni mita 22 nyengine zilizopita kabla mguu haujagusa chochote. Masika yakiingia, lami ikalowa, hesabu hizo zote hurefuka. Tangu nilipoanza kupima breki mwenyewe kwa madumu sikai tena nyuma ya daladala kwa karibu, hata nikiwa na haraka ya namna gani.

Baada ya breki ikaja kona, na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini Mwalimu alikuwa mkali kuhusu mpangilio. Mshiko wa tairi ni kama mshahara wa mwezi: ukiumaliza wote kwenye breki, hakuna kilichobaki cha kulipia kona. Tairi inaweza kufunga breki kwa nguvu zote, au kukata kona kwa nguvu zote, lakini haiwezi kufanya yote mawili kwa ukamilifu wakati mmoja. Kwa hiyo unapunguza mwendo gari ikiwa imenyooka, unaachia breki taratibu, unageuza usukani, unasubiri, na mafuta unayatia pale tu unapoanza kuunyoosha usukani. Ile subira ya katikati ndiyo ngumu kuliko vyote. Mguu unataka kazi. Ukitia mafuta mapema, uzito unarudi nyuma, tairi za mbele zinakuwa nyepesi, na gari inaikataa kona: umegeuza usukani na pua inakwenda nje vile vile. Watu wengi hapo huongeza usukani. Tairi iliyokwisha kuteleza haipati mshiko kwa kugeuzwa zaidi. Inapata kwa kupunguziwa kazi. Unaachia mafuta kidogo, unarudisha usukani kidogo, pua inarudi.

Lakini nilichokipenda kuliko vyote ni kupangua gia, na hiki nilikianza Unguja nikakimaliza Pemba.

Tatizo lenyewe ni hili. Uko gia ya tatu kwa mwendo wa 60, injini iko kwenye mizunguko 3,000 na kidogo. Kona iko mbele, unaitaka gia ya pili. Kwa mwendo ule ule, gia ya pili inataka injini izunguke zaidi ya 4,000. Sinkro za giaboksi, vile vyuma vinavyolinganisha mzunguko wa gia kabla hazijashikana, zitakusaidia kuingiza gia bila ya kelele, lakini hazipandishi injini. Ukiachia klachi hivi hivi, ni tairi za nyuma ndizo zitakazolazimika kuiburuta injini mpaka ifike, na wakati huo umefunga breki, uzito umekwenda mbele, nyuma ni kwepesi. Gari inagutuka. Kwenye njia iliyolowa, mkia unatoka. Dawa ni kupiga resi klachi ikiwa chini, injini ipande yenyewe mpaka pale gia mpya inapoitaka, ndipo uachie. Na kwa kuwa mguu wa kulia uko kwenye breki, resi hiyo lazima ipigwe na mguu huo huo bila ya kuitoa breki.

Wengi hufundishwa kuweka vidole kwenye breki na kisigino kwenye mafuta. Mguu wangu ni mdogo, kisigino hakikufika. Mwalimu akaniambia niweke tako la dole gumba ukingoni mwa breki, upande wa kulia, kisha nilalishe unyayo mpaka ubavu wake uguse mafuta. Breki isizidi wala isipungue, huku ubavu wa mguu ukipiga resi fupi. Kwa wiki nyingi nilikuwa nikilifanya zoezi hilo gari imesimama, injini inawaka, mguu mmoja unafanya kazi mbili. Mume wangu alizoea kuniona jioni nimekaa peke yangu uani ndani ya gari, resi zinapanda na kushuka.

Siku za sikukuu tulivuka na gari mpaka Pemba. Ami akaomba apande. Tulitoka Mkoani kwenda Chake Chake kupitia Mtambile, na anayeijua Pemba anajua kwamba kisiwa kile hakina ubapa wa Unguja. Ni vilima na mabonde, unapanda unashuka, mikarafuu huku na huku, na kona zinakuja moja juu ya nyengine. Ami akafunga mkanda, akaweka bakora yake baina ya magoti, akafumba macho. Nilidhani amelala. Nilipopangua gia mara ya kwanza kuteremkia bondeni akasema, bila ya kufumbua, "Resi haijafika, mwanangu." Mara ya pili: "Imezidi." Tukaenda hivyo karibu njia nzima. Hakuwa akitazama mshale wala mguu wangu. Alikuwa akisikia namna kichwa chake kinavyosukumwa klachi inapoachiwa. Tulipokaribia Chake nikapangua tatu kwenda pili, hakusema kitu, na nilipomtupia jicho nikaona anaitikia kwa kichwa.

Ndipo akanieleza habari za Bedford. Giaboksi ya ile gari sinkro zake zilikuwa zimekwisha zamani, na spea hazipatikani. Kupangua gia ilikuwa lazima ukanyage klachi utoe gia, uachie klachi ukiwa frii, upige resi, ukanyage tena klachi, ndipo gia iingie. Resi ikipungua au ikizidi, gia inalia na abiria wote wanasikia. Nyuma kuna watu kwenye mabenchi ya mbao, magunia ya karafuu, vikapu vya samaki, na mama mwenye mtoto mchanga. Kosa lolote la mguu wako linafika kwao, na wanakwambia papo hapo. Kwa hiyo mzee ambaye maishani mwake hajaona mashindano ya magari alikuwa akilijua somo hili kwa sikio na kwa mgongo, tena kwa undani kuliko mimi mwenye mshale wa mizunguko mbele ya macho. Nilimwambia kwamba madereva wa mbio wanatafuta jambo hilo hilo, gari isishtuke. Akasema abiria wake hawakuwa na mikanda.

Kuna kanuni yake nyengine ninayoifuata mpaka leo: mlima unauteremka kwa gia uliyoupandia. Gari nyepesi ya leo inaweza kuteremka kwa gia ndogo zaidi au kubwa zaidi, lakini maana yake inabaki. Injini ishike uzito, breki zipumzike. Breki zikishika muda mrefu mteremkoni zinapata moto, moto unaingia kwenye mafuta ya breki, na mafuta hayo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka angalau nyuzi 230. Yakishalowa unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka 155. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanwa, na mguu unakwenda chini bila ya breki. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwaka mzima. Mimi yangu hubadilisha kabla hayajawa meusi, na nashangaa namna watu wanavyonunua bomba la moshi la bei kubwa ilhali chupa ya mafuta ya breki hawajapata kuifungua.

Macho ndiyo yaliyonibadilisha njia ya kila siku. Kwenye barabara ya kwenda Jozani, pale Bungi, kuna ile safu ya miembe mikubwa ambayo wazee wanaihusisha na Bibi Khole, binti wa Sayyid Said. Ni mahali pazuri kwa kumpima mtu macho, kwa sababu kivuli na jua vinakatizana juu ya lami, na majani mabichi yaliyoanguka huteleza. Mtu akitazama mbele ya pua ya gari anapofushwa kila hatua. Mwalimu alinikalia pembeni pale, kwa mwendo wa kawaida kabisa, akawa ananiuliza neno moja tu: "Mbele zaidi kuna nini?" Mkono hufuata jicho. Ukikodolea macho shimo unalotaka kulikwepa, utaliingia. Ukitazama pale panapopitika, mikono inakupeleka hapo bila ya kuamrishwa. Kwenye kona isiyoonekana mwisho, nakaa ndani ya njia yangu upande unaonipa kuona mbali zaidi, naichelewesha kidogo kuikata, na siongezi mwendo mpaka nione mwisho wake. Sigusi njia ya wanaokuja. Ukifika Jozani penyewe kuna matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju wanaovuka, na hata tuta ni somo la uzito: unafunga breki kabla yake, unaachia linapofika, pua inuke ndipo tairi ipande. Ukilivuka breki ikiwa bado imeshikwa, shokapu za mbele zimeshabonyea na pigo lote linaingia kwenye bodi.

Mkia kutoka tulijifunza kwenye kifusi kilichomwagiwa maji. Gari inayosukumwa na tairi za nyuma inakuambia mapema, lakini haiambii mikono, inaambia kiuno. Unahisi kiti kinakwenda pembeni chembe moja kabla macho hayajaona. Hapo macho yaende unakotaka kwenda, mikono iyafuate, na mafuta yapungue kwa ulaini. Kuyaachia yote kwa mpigo ni kuupeleka uzito mbele na kuzinyang'anya tairi za nyuma kile kidogo kilichobaki. Kisha uwe mwepesi wa kuunyoosha usukani gari inaporudi, la sivyo itakutupa upande wa pili. Haya hayasomeki yakaingia. Mwili lazima uyakute, tena mahali pasipo na mtu wala nguzo.

Kuhusu tairi nitasema kifupi. Nyingi zinazouzwa hapa zimeshatumika, na zinaonekana nzima kwa sababu meno yake bado yapo. Tazama ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT: tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mpira uliozeeka hukakamaa, na mpira uliokakamaa hauna mshiko hata ukiwa na meno marefu. Upepo pima asubuhi, tairi zikiwa bado baridi.

Sasa hivi Mwalimu ananifundisha kuingia kona huku breki ikiwa bado imeshikwa kidogo, na kuiachia kadiri usukani unavyozidi kugeuka, ili uzito ubaki mbele mpaka pua ielekee ndani. Ni ule mshahara kugawanywa badala ya kulipa deni moja moja. Kona za kushoto zimeanza kukaa sawa. Za kulia breki inaniponyoka mapema, na juzi tumegundua sababu: usukani wetu uko kulia, na ile nguzo ya kioo cha mbele inasimama hasa pale ninapotakiwa kutazama. Ijumaa baada ya sala, madumu yatahamishwa, na mimi nitajaribu kukitanguliza kichwa mbele ya nguzo kabla mkono haujaanza kugeuza.